Mtia Makaa wa Alabama, na Kesi za Ubaguzi Kazini Huko Marekani

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa tawi la wafanyakazi wa reli. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu.)



Pole kwa wale waliotoka zamu ya usiku wakaja hapa moja kwa moja bila kulala. Tunajua macho yamewawasha. Lakini jambo lenyewe ni zito, na tuliahidi katika mkutano uliopita kwamba tutalieleza.

Mnakumbuka jinsi mambo yalivyokuwa. Habari ilitufikia kwamba huenda watu watapunguzwa katika genge la njia na katika karakana. Hapo ndugu yetu mmoja akasimama na kutoa hoja. Alisema, ikiwa ni lazima watu waondoke, basi chama kiende kwa wakubwa kipatane nao kwamba waondoke kwanza wale waliotoka pande nyingine za nchi, na wale wanawake walioandikwa kazi juzijuzi, hata kama wamewatangulia wengine kazini kwa siku. Watu walipiga makofi. Hatutaficha, hata baadhi yetu wa kamati tulipiga makofi. Mtu akiogopa kupoteza kazi, mikono hupiga makofi kabla kichwa hakijafikiri. Mwenyekiti akaiahirisha hoja, nasi tukatumwa tuangalie sheria inasema nini, na wenzetu wa nchi nyingine walifanyaje.

Basi tuliangalia. Tukakuta kwamba hoja hii si mpya hata kidogo. Ilikwisha letwa na chama cha wafanyakazi wa reli huko Marekani mwaka 1940, ikakubaliwa, ikaandikwa katika mapatano, na baadaye ikafika mbele ya korti ya juu kabisa ya nchi ile. Kwa hiyo tunaomba tuanze na kisa hicho, maana ni kisa cha watu wa reli kama sisi.

Palikuwa na mtu jina lake Bester William Steele. Alikuwa mtu mweusi wa jimbo la Alabama, na kazi yake ilikuwa kutia makaa katika injini za mvuke za kampuni ya reli ya Louisville & Nashville. Wazee waliopo hapa waliowahi kuona injini za mvuke wanajua kazi ile ilivyokuwa: koleo mkononi, uso mbele ya moto, mgongo kwenye upepo, maili baada ya maili. Zamani kazi ile ilikuwa ya moto na uchafu, na huko kusini mwa Marekani watu weusi wengi waliachiwa waifanye. Lakini baadaye injini zilianza kuwa nzuri zaidi, makaa yakatiwa kwa mashine, zikaja na injini za dizeli, na mshahara ukapanda. Hapo ndipo watu weupe walipoitamani.

Chama cha watia makaa na madereva wa injini kilikuwa kikubwa, nacho katika sheria zake hakikumpokea mtu mweusi kuwa mwanachama. Lakini sikilizeni vizuri ndugu zetu, hapa ndipo penye fundo. Sheria ya Kazi za Reli ya Marekani, iliyotungwa mwaka 1926 na kutengenezwa tena mwaka 1934, ilisema kwamba chama kilichochaguliwa na wafanyakazi walio wengi katika kazi fulani ndicho kitakachosema kwa niaba ya wote wa kazi ile. Watia makaa weupe walikuwa wengi, kwa hiyo chama chao kikapata haki ya kusema kwa niaba ya weusi pia. Steele hakuweza kuingia katika chama, hakuweza kupiga kura, hakuweza hata kuketi nyuma ya chumba asikilize, lakini chama kile ndicho kilichopatana na kampuni juu ya kazi yake na mshahara wake.

Tarehe 28 Machi 1940 chama kikapeleka barua kwa kampuni ya Louisville & Nashville na kampuni nyingine 20 za reli, kikidai mapatano yabadilishwe kwa namna ambayo mwishowe mtu mweusi asiwepo kabisa katika kazi ya kutia makaa. Wale weusi hawakuambiwa neno lolote. Tarehe 18 Februari 1941 mapatano yakatiwa sahihi: watu weusi wasizidi nusu katika kila sehemu ya kazi, na mpaka nusu hiyo ifikiwe, kila kazi mpya na kila nafasi iliyo wazi apewe mtu mweupe.

Steele alikuwa katika kundi la treni za abiria. Kundi hilo lilikuwa na mtia makaa mmoja mweupe na watano weusi. Kazi ilikuwa nzuri, mshahara mzuri, naye aliipata kwa haki, kwa sababu alikuwa ametangulia kazini na hakuna aliyemlaumu kwa kazi yake. Mwezi wa Aprili 1941 maili za safari zikapunguzwa, ikatangazwa kwamba nafasi zote za kundi lile ziko wazi. Kampuni na chama wakawatoa weusi, wakaweka weupe wanne, wote wanachama, wote nyuma ya Steele katika siku za kazi, wala hawakuwa mafundi kuliko yeye. Steele akakaa siku 16 bila kazi. Kisha akapewa treni ya mizigo, kazi ngumu zaidi, saa nyingi zaidi, mshahara mdogo zaidi. Halafu akatolewa na huko pia, akapelekwa kwenye injini ya kupanga mabehewa stesheni, ambako kazi ilizidi ugumu na fedha zikazidi kupungua. Aliporudishwa katika treni za abiria ilikuwa tarehe 3 Januari 1942, na wakati huo alikuwa amekwisha peleka mashtaka kortini. Ajabu ya mambo, nafasi ikapatikana mara moja!

Korti za Alabama zilimshinda. Zilisema chama hakina deni lolote kwake. Lakini alikuwa na wakili hodari, mtu mweusi aliyeitwa Charles Hamilton Houston, aliyesoma sheria katika chuo cha Harvard na ambaye alikuwa mwalimu wa mawakili wengi weusi waliokuja kuitikisa nchi ile baadaye. Houston akaipeleka kesi mpaka korti ya juu kabisa ya Washington, pamoja na kesi nyingine ya mtia makaa mweusi wa jimbo la Virginia aliyeitwa Tunstall. Tarehe 18 Desemba 1944 majaji wakatoa hukumu, iliyoandikwa na jaji mkuu Harlan Stone. Walisema hivi kwa maneno machache: sheria ikikipa chama nguvu ya kusema kwa niaba ya wafanyakazi wote wa kazi fulani, inakipa pia wajibu wa kuwasemea wote, wanachama na wasio wanachama, bila uadui na bila kuwabagua kwa rangi. Chama hakiwezi kuchukua nguvu ya watu wote kisha kuitumia kuwapiga baadhi yao.

Tunawaomba mliangalie jambo moja ambalo watu wengi hulisahau. Korti haikukilazimisha chama kile kuwapokea weusi. Ilisema chama kina haki ya kuamua nani awe mwanachama. Kwa hiyo Steele alishinda, lakini mlango wa chama ukabaki umefungwa usoni pake. Ilibidi kungoja miaka 20 mpaka sheria nyingine itungwe.

Na pengine mtu atauliza, haya ya watu wa mbali yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu wazee wetu wa reli waliyaona mambo ya namna hiyohiyo hapa kwetu. Wakati wa ukoloni mishahara ilikuwa na ngazi tatu: Mzungu juu, Mwasia katikati, Mwafrika chini. Katika utumishi wa serikali za Afrika Mashariki mshahara wa Mwasia ulihesabiwa kuwa tatu kwa tano ya mshahara wa Mzungu hata kama kazi ni ileile, na Mwafrika alikuwa chini yake tena. Wazee walipigana na ngazi hizo. Tom Mboya alipokwenda Marekani mwaka 1956, waliompokea na kumsaidia walikuwa watu wa vyama vya wafanyakazi, na miongoni mwa rafiki zake alikuwa A. Philip Randolph, mkuu wa chama cha wahudumu weusi wa mabehewa ya kulalia, naye alikuwa amekwisha pigana na kampuni ya Pullman miaka 12 kabla ya kupata mapatano mwaka 1937. Kwa hiyo habari hizi si za watu tusiowajua.

Sasa tuje kwenye sheria yenyewe. Marekani ni nchi ya majimbo 50, na kila jimbo lina sheria zake, lakini juu yake kuna sheria za serikali kuu zinazoshika nchi nzima. Tarehe 2 Julai 1964 Rais Johnson alitia sahihi Sheria ya Haki za Raia. Sehemu yake ya saba yahusu kazi. Inasema mwajiri asimbague mtu katika kumwandika, kumfukuza, kumlipa au kumpandisha cheo kwa sababu ya rangi, dini, kuwa mwanamume au mwanamke, au nchi alikotoka yeye au wazee wake. Leo inawashika waajiri wenye watu 15 au zaidi. Tena haikuwaacha nje vyama vya wafanyakazi. Chama kikimkataa mtu kwa rangi yake, au kikimgawia kazi kwa rangi yake, chama chenyewe kinashtakiwa. Hapo ndipo mlango ule uliofungwa usoni pa Steele ulipofunguliwa kwa sheria. Baadaye zikaja nyingine, ya mwaka 1967 kwa ajili ya wenye umri wa miaka 40 na zaidi, na ya mwaka 1990 kwa ajili ya walemavu.

Mtu aliyebaguliwa hakimbilii kortini moja kwa moja. Kuna halmashauri ya serikali kuu iliyoanza kazi mwaka 1965, kazi yake ni kupokea malalamiko ya namna hii. Mfanyakazi lazima apeleke lalamiko lake ndani ya siku 180, au siku 300 mahali ambapo jimbo nalo lina ofisi kama hiyo. Halmashauri inachunguza, inajaribu kupatanisha, na mara nyingine inamshtaki mwajiri yenyewe, nguvu iliyopewa mwaka 1972. Ikiona haitaendelea, inampa mlalamikaji barua ya ruhusa, naye ana siku 90 za kwenda kortini. Zikipita, zimepita. Kuna watu wengi huko waliokuwa na haki iliyo wazi kama mchana, wakashindwa kwa kalenda tu.

Mmoja wa hao ni mama aliyeitwa Lilly Ledbetter. Alifanya kazi katika kiwanda cha mipira ya magari cha Goodyear huko Gadsden, Alabama, tangu 1979 mpaka 1998, akawa msimamizi. Karibu na mwisho wa kazi yake mtu asiyejulikana akamwachia karatasi ndogo yenye mishahara. Akaona kwamba yeye alikuwa akipata dola 3,727 kwa mwezi, na mwanamume wa chini kabisa wa cheo kilekile alipata dola 4,286, wa juu kabisa 5,236. Akashtaki. Raia walioketi kortini kuamua wakampa zaidi ya dola milioni 3, hakimu akazipunguza mpaka 360,000 kwa sababu sheria imeweka kikomo. Kisha mwaka 2007 korti ya juu, majaji watano dhidi ya wanne, ikasema amechelewa: alipaswa kulalamika ndani ya siku 180 tangu kila uamuzi wa mshahara ulipofanywa. Angelalamikaje juu ya jambo ambalo hakulijua? Watu walikasirika sana, na tarehe 29 Januari 2009 Rais Obama akatia sahihi sheria yenye jina la mama huyo, inayosema kwamba kila malipo yenye ubaguzi ndani yake yaanzisha hesabu ya siku upya. Yeye mwenyewe hakupata hata senti moja kutoka kampuni ile. Alifariki mwaka 2024.

Tumetaja kikomo. Wengi wetu husikia kwamba Marekani mtu akibaguliwa anapewa mamilioni. Si hivyo. Tangu sheria ya mwaka 1991, fidia ya maumivu na ya kumwadhibu mwajiri ina kikomo kwa kadiri ya ukubwa wa kampuni: dola 50,000 kwa kampuni ndogo mpaka dola 300,000 kwa kampuni yenye watu zaidi ya 500. Mshahara aliokosa ni mbali na hizo. Kesi za rangi zina njia nyingine isiyo na kikomo, kwa sababu ya sheria ya zamani sana ya mwaka 1866, iliyotungwa mara baada ya utumwa kukomeshwa. Lakini kesi za wanawake hazina njia hiyo.

Sasa yule mama wa reli. Mwezi wa Juni 1997 kampuni ya reli ya Burlington Northern Santa Fe ilimwandika Sheila White katika kituo chao cha Memphis, jimbo la Tennessee. Alikuwa mwanamke peke yake katika idara ya matengenezo ya njia, idara kama lile genge letu. Alipewa kuendesha foklifti, kwa sababu aliijua. Kazi ya foklifti ilikuwa safi kidogo kuliko kunyanyua vyuma vya reli, na wanaume wakanung'unika. Nyapara wake akawa anamwambia mara kwa mara kwamba wanawake hawafai katika idara ile. Septemba akalalamika kwa wakubwa. Wakubwa wakamwadhibu nyapara siku 10 bila kazi. Mpaka hapo mtu atasema haki imetendeka. Lakini siku ileile waliyomweleza habari hiyo, wakamwambia pia kwamba anaondolewa kwenye foklifti, arudi kunyanyua vyuma. Oktoba akapeleka lalamiko kwa halmashauri ya serikali. Desemba akasimamishwa kazi bila mshahara, ati amekaidi amri.

Ikaja Krismasi hana mshahara, wala hakujua kama atarudi. Alitumia njia ya malalamiko iliyo katika mapatano ya wafanyakazi, na mwishowe wakubwa wenyewe wakaona kwamba hakukaidi, wakamrudisha na kumlipa siku 37 zote. Basi kampuni ikasema kortini: tumemlipa zote, ameumia wapi? Na foklifti na kunyanyua vyuma ni kazi ya mshahara mmoja, cheo kimoja, ameumia wapi?

Tulipofika hapo katika kusoma, tulicheka kwa uchungu. Maneno hayo tumeyasikia sisi sote. Mtu akisema sana mkutanoni, kesho anapelekwa stesheni ya mbali, mshahara uleule, cheo kilekile, na ukiuliza unaambiwa ni mahitaji ya kazi. Tunaweza kuwataja hapa watu wanne waliosafiri namna hiyo.

Raia wa kortini walimpa mama White dola 43,500, na ndani yake dola 3,250 za matibabu. Kampuni ikakata rufani mpaka juu kabisa, na tarehe 22 Juni 2006 majaji wote wakakubaliana kwamba ameshinda. Walisema swali si kama cheo au mshahara umeguswa. Swali ni kama jambo alilotendewa lingeweza kumtisha mfanyakazi mwenye akili timamu asilalamike. Mwezi mmoja na zaidi bila mshahara, hata kama utalipwa baadaye, kwa mtu anayeishi kwa mshahara ni jambo la kutisha. Na mwaka 2024 korti ileile, katika kesi ya sajini mwanamke wa polisi wa St. Louis aliyehamishwa bila kupunguziwa mshahara wala cheo, ilisema kwamba kumhamisha mtu kwa ubaguzi ni kosa ikiwa kumemdhuru hata kidogo, si lazima madhara yawe makubwa. Toka Steele na treni yake ya mizigo mpaka hapo ni miaka zaidi ya 80.

Kampuni hiyohiyo ya Burlington ilipatikana na jambo jingine. Wafanyakazi wa njia walikuwa wakiumwa kifundo cha mkono, vidole vinakufa ganzi kwa sababu ya mashine zinazotetemesha. Walipodai fidia, kampuni ikawapeleka kwa daktari, na katika damu iliyochukuliwa ikapimwa kwa siri kama wana udhaifu wa kurithi kutoka kwa wazee wao, ili ipate kusema si mashine, ni ukoo wako. Mfanyakazi mmoja alitakiwa kutoa damu, mke wake ambaye alikuwa muuguzi akauliza damu ya nini kwa ugonjwa wa mkono? Jambo likafichuka hivyo. Mwaka 2001 halmashauri ya serikali ikaishtaki kampuni, chama cha wafanyakazi wa njia nacho kikaishtaki, vipimo vikasimamishwa, na mwaka 2002 yakafanywa mapatano ya dola milioni 2.2 kwa wafanyakazi 36. Wapo kina mama hapa wanaofikiri mambo ya chama ni ya waume zao tu. Wafikirie muuguzi yule.

Hapo tumetaja mapatano. Kesi nyingi huko hazifiki kwenye hukumu, wanapatana nje ya korti. Kampuni inalipa, na karibu kila mara inaandika kwamba haikubali kuwa ilikosa. Mwaka 1996 kampuni ya mafuta ya Texaco ilikubali kulipa kama dola milioni 176 katika kesi ya wafanyakazi wake weusi kama 1,400, siku chache tu baada ya kutangazwa kwamba maneno ya wakubwa yalinaswa katika mashine ya sauti wakizungumza juu ya kuharibu karatasi zilizotakiwa kortini. Kati yake milioni 115 ziligawanywa taslimu. Nyingine ziliingia katika nyongeza za mishahara na mipango ya kusimamia haki. Gawanyeni wenyewe, ondoeni na ada ya mawakili, mtaona kwamba kwa mtu mmoja si utajiri. Na kesi ya kundi si rahisi: mwaka 2011 wanawake kama milioni 1.5 wa maduka ya Wal-Mart walikataliwa kushtaki kwa pamoja, kwa kuwa korti haikuona uamuzi mmoja uliowaunganisha wote. Kukaa kimya baada ya kulipwa nako huandikwa mara nyingi katika mapatano. Sisi hatukupenda jambo hilo, maana mwenzako wa karakana ya pili hatajua kwamba wewe ulishinda.

Kesi moja zaidi, nayo inatugusa sisi tulioishia shule ya msingi ya misioni. Katika kituo cha umeme cha kampuni ya Duke Power, jimbo la North Carolina, watu weusi 14 walikuwa wamewekwa wote katika idara ya usafi na vibarua, na aliyelipwa zaidi miongoni mwao alipata chini ya mweupe aliyelipwa kidogo kabisa katika idara nyingine. Sheria ya 1964 ilipoanza kutumika, kampuni ikasema, sawa, hatubagui tena, ila anayetaka kuhama awe na cheti cha sekondari au ashinde mitihani miwili ya karatasi. Wakati huo katika jimbo lile, kwa hesabu ya mwaka 1960, wanaume weupe 34 kwa mia walikuwa na cheti hicho, weusi 12 kwa mia. Na weupe waliokuwa tayari ndani bila cheti waliendelea kufanya kazi vizuri kabisa! Watu 13 kati ya wale 14 wakashtaki, na mwaka 1971 korti ya juu ikasema kwa sauti moja: sharti likiwaziba watu wa rangi moja na halina uhusiano na kazi yenyewe, halifai, hata kama mwajiri hakukusudia mabaya. Mtia grisi hapimwi kwa insha.

Sasa turudi nyumbani, ndipo tumalize. Mambo ya Marekani hayatumiki katika korti zetu. Sisi tuna yetu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 27, inakataza ubaguzi, na cha 41 kinampa kila mtu haki ya kutendewa haki kazini. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 5, inataja rangi, kabila, mahali mtu alikotoka, lugha, dini, kuwa mwanamke au mwanamume, ujauzito, ulemavu na mengine. Tena ina jambo moja zuri: mtu akidai amebaguliwa, ni mwajiri atakayethibitisha kwamba hakubagua. Na tunayo korti maalumu ya mambo ya kazi.

Basi tuitazame hoja iliyo mbele yetu. Tukienda kwa wakubwa tukatia sahihi kwamba waondoke kwanza waliotoka pande nyingine, na kina mama, tutakuwa tumefanya kile chama cha Alabama kilichofanya tarehe 18 Februari 1941. Wale tutakaowaondoa wanalipa ada ya chama kila mwezi kama sisi, inakatwa katika mshahara kabla hawajaugusa. Steele alikuwa nje ya chama. Hawa wako ndani, wengine wameketi katika chumba hiki sasa hivi, na mkutano uliopita walituangalia tukipiga makofi. Mmoja wao alikuja baadaye akatuuliza kama arudishiwe ada zake. Hatukuwa na jibu.

Tena wakubwa watafurahi. Watu wakipunguzwa kwa kutangulia kazini, kila mtu anaijua hesabu na hakuna wa kupendelewa. Tukiiacha hesabu hiyo leo kwa sababu ya kabila, mwaka kesho itaachwa kwa sababu nyingine watakayoichagua wao, na sisi ndio tutakuwa tumewafungulia njia kwa sahihi yetu.

Kwa hiyo kamati inaleta hoja badala ya ile: kwanza, chama kidai kwa barua hesabu za kampuni zinazoonyesha kwa nini watu wapunguzwe. Pili, wakipunguzwa, aliyeingia mwisho atoke kwanza katika kila kazi, bila kuangalia jina lake wala alikotoka wala kama ni mwanamke. Tatu, daftari la tarehe za kuandikwa kazi libandikwe ukutani karakana na kwenye nyumba za genge, kila mtu aone pake. Tunajua kwamba kwa hesabu hiyo wawili katika sisi wa kamati tumo katika hatari, maana hatukuingia zamani. Tumekwisha zungumza na wake zetu.

Ndugu aliyetoa hoja ya kwanza yupo, na ana haki ya kujibu. Tunaomba asikilizwe bila kuzomewa. Ndugu Mwenyekiti, tunakurudishia mkutano, kura zipigwe.